Ufundi wa Kupigwa

Agosti 2019, jijini Las Vegas, Arslan Ash kutoka Lahore alimshinda Knee, gwiji kutoka Korea Kusini wa Tekken, mchezo wa video wa kupigana, katika fainali ya EVO, mashindano ya michezo ya aina hiyo. Miezi michache kabla, alipotwaa EVO ya Japani, Arslan alikuwa amesema kwamba kwao Pakistan wapo wengine wakali kama yeye. Knee alikwenda kuwatafuta. Mwaka huohuo alifunga safari hadi Pakistan, akaketi na vijana ambao dunia ilikuwa haijawajua, nao wakampiga. Akaendelea kucheza nao.

Safari hiyo naipenda kuliko makombe yake yote.

Maana kupigwa kunauma. Kwenye soka ukifungwa utamlaumu kipa. Kwenye Tekken mko wawili tu, na ndiyo maana hasira ya kushindwa huunguza. Pedi ya kuchezea hurushwa, au kitufe cha kurudia pambano hubonyezwa kabla pumzi haijatulia, na pambano la pili hupotea kwa kosa lilelile. Mchezaji aliyekomaa huweka pedi chini kwanza. Akishatulia, huitazama rekodi ya pambano akiwa na swali moja: ni pigo gani lililonipata mara nyingi zaidi?

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Tekken huenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kila sekunde, na ngumi ya haraka ya wahusika wengi hufika kwenye fremu ya 10. Teke lililokutesa usiku kucha, ukilikinga, pengine humchelewesha aliyelipiga kwa fremu 10 au zaidi. Ngumi yako itamfikia kabla hajaweza kujikinga. Kumbe malipo yake yalikuwapo tangu mwanzo! Unaingia kwenye mazoezi, unaiamuru mashine ilirudie teke hilo, unakinga, unajibu, unakinga, unajibu, mpaka vidole vijibu vyenyewe. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, imefika mbali zaidi: katikati ya rekodi ya pambano ulilopoteza, unaweza kumchukua mhusika wako na kujaribu palepale jibu ulilolikosa. Waliobuni jambo hilo wanamheshimu aliyeshindwa.

Matokeo huchelewa kuonekana, na wengi hukata tamaa hapo. Siku utakayolikinga teke lile na kulilipa sawasawa, huenda bado ukafungwa raundi tatu kwa sifuri, safari hii kwa mtupo ambao hujui kuuvunja. Basi kesho mashine itarudia mtupo.