Mega kama meka: ahadi ya intaneti ya kasi ilituachia nini?



Kwenye soko ya Kenya ao kwa Mzee, mama mwenye hana makuta ya kununua mufuko muzima wa bunga ananunua meka moja. Kesho anarudia, ananunua meka ingine. Kila mutu anajua kama mwisho wa mwezi huyu mama atakuwa amelipa zaidi kuliko ule mwenye alinunua mufuko. Leo nataka tuongee juu ya mega, kwa sababu hapa Lubumbashi tunakula intaneti vile tunakula bunga: meka kwa meka.

Turudi kwanza kwenye ahadi yenyewe. Wakati intaneti ya kasi ilianza kuuzwa kwenye nyumba za watu, kule Korea ya Kusini na Ulaya, karibu na mwaka 2000, matangazo yalisema mambo matatu. Ya kwanza: mwendo. Kwa modemu ya zamani ya kilobiti 56, faili ya mega 5 ilikuomba karibu dakika 12. Kwa laini ya kilobiti 512, dakika moja na kidogo. Ya pili: mlango hauungwi. Hakuna tena kupiga simu ndipo uingie. Mashine iko ndani saa yote. Ya tatu: bei moja kwa mwezi. Mwaka 2002 kampuni Free ya Ufaransa ilitoa Freebox kwa euro 29,99 kwa mwezi, utumie kidogo ao mingi, ni shauri yako.

Watu wengi wanakumbuka ile ya kwanza tu. Kwa maoni yangu, ya pili na ya tatu njo zilibeba kila kitu. Kijana mwenye amelipa bei moja anaweza kupoteza wakati kwenye intaneti, na kule kupoteza njo kusoma kwenyewe. Anafungua ukurasa hauna maana, anafunga, anafungua ingine, anavunja programu, anaitengeneza. Hakuna mtu anajifunza kazi kama anaangalia saa ya taksi inazunguka.

Sasa, sisi tulipata nini? Kule Mombasa na Dar es Salaam, waya wa SEACOM ulifika mwaka 2009. Kwetu, waya wa WACS ulifunguliwa Muanda mwaka 2013, na kutoka Muanda mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1.700 kwa mstari wa ndege. Njia ingine inapita kwa Zambia, inaingia Kasumbalesa. Mbele ya pale, tulitegemea setilaiti, na duka za siberi zenye tulilipa kwa dakika. Kisha 3G ikaja, na 4G mwaka 2018. Mwendo ulipatikana, nakubali. Lakini zile ahadi mbili zingine zilibaki njiani. Siberi ilituuzia dakika, simu inatuuzia mega. Jina la kipimo njo lilibadilika.

Na mega iko mubaya kupita meka kwa jambo moja. Bunga ukiipata, inabaki yako mpaka unapika bukari. Mega ya siku inakufa wakati wake ukiisha. Mwaka wa memwari yangu, nilinunua forfe ya siku ili nipakue makala za kusoma. Umeme ukaenda saa mbili, simu ikazimika, asubuhi mega zilikuwa zimekwisha kufa. Nililipia kitu chenye sikukula. Wangapi kati yetu wana historia kama hii?

Wengine watasema: lakini biashara imefaidika! Ni kweli, na tuangalie vizuri ni wapi. M-Pesa ilifika Congo mwaka 2012, na mama wa soko anaitumia bila mega hata moja, kwa namba za kubonyeza kwenye simu ndogo. Faida kubwa ya biashara kwa watu wa chini ilipita kwenye mlango mwembamba. Intaneti ya kasi yenyewe ilifaidisha wale wenye kulipa laini ya mwezi: migodi, benki, ofisi kubwa. Lakini yule kijana wa Katuba mwenye anachora nembo, ao dada wa Ruashi mwenye anauza viatu kwa video, anahesabu kila dakika ya kutuma. Kazi yao inahitaji mufuko, wanauziwa meka.

Tusikuwe waongo: makampuni yana mizigo ya kweli. Inchi ni kubwa, minara mingi inatumika kwa mafuta sababu umeme haupatikani. Na Serikali haikusaidia. Kodi ya RAM, yenye ilianza mwaka 2020, ilikata unite za watu mpaka kelele zikaiondoa mwaka 2022. Intaneti ilifungwa Januari 2015, na tena kuanzia 31 Desemba 2018 kwa karibu siku 20. «Mlango hauungwi», tuliambiwa. Huku kwetu mlango uko na mwenye funguo, na si wewe.

Lakini mzigo haufanye uongo kuwa ukweli. Neno «ilimite» kwenye tangazo, halafu masharti ya herufi ndogo kama mwendo utapunguzwa kisha kiasi fulani, lile si jambo la mafuta wala la umeme. Ni jambo la maneno, na maneno hayaombe mnara.

Ndiyo maana naona tuache kupima maendeleo kwa G: tatu, ine, tano. Tuulize maswali ya mama wa bunga. Mufuko ni bei gani? Unabaki wangu mpaka lini? Nani anaweza kuufunga? Sisi tuliosoma tunaweza kuanza na moja yenye haiombe makuta: kuomba mega yenye umelipia isikufe mpaka uitumie. ARPTC, yenye kusimamia simu, iko kwa ajili ya mambo kama haya. Kama kelele ziliondoa RAM, hii pia inawezekana.