Chungu cha Nyanza na Mkono Uliokifinyanga

Vyungu vinavyouzwa Kibuye, soko la Kisumu linalofurika zaidi siku ya Jumapili, hupangwa chini, vikubwa nyuma na vidogo mbele, na kwa mbali vyote huonekana ndugu. Anayevijua huvitenganisha kabla hajainama. Mtungi wa maji, ambao Wajaluo huuita dapi, hukaguliwa kwa macho mengine kabisa na agulu cha kupikia, kwa sababu sifa ya mmoja ni kasoro ya mwingine: mtungi unatakiwa utoe jasho, na chungu cha mboga hakitakiwi kuvuja hata tone.

Ufinyanzi wa Wajaluo ni kazi ya wanawake, na namna unavyorithiwa ndiyo inayoeleza mengi juu ya sura ya vyungu vyenyewe. Wafinyanzi huishi kwa vikundi karibu na machimbo ya udongo. Mwanamke huolewa nje ya ukoo wake na kuhamia kwa mumewe, na mara nyingi ni huko ndiko anakoshika udongo kwa mara ya kwanza, akifundishwa na mama mkwe au wake wenza. Ufundi basi hukaa na boma, haufuati damu. Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliouchunguza ufinyanzi huu eneo la Siaya katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba hata mkaza mwana aliyefika akiwa tayari fundi huishia kuubadili mkono wake ufuate wa huko alikoolewa. Ni biashara ya familia isiyo na daftari. Kumbukumbu zake zimo kwenye chungu: urefu wa shingo, namna mdomo unavyokunjwa, idadi ya mistari ya nakshi na mahali inapokomea begani. Mnunuzi aliyezoea kikundi kimoja huvitambua vyungu vyake sokoni hata muuzaji akiwa mchuuzi tu, asiyejua kufinyanga.

Kumbukumbu za namna hiyo ni za kale sana katika ukanda huu. Vigae vilivyopatikana Urewe, Siaya, vilielezwa mwaka 1948 na Mary Leakey, Louis Leakey na mmisionari aliyejulikana kama Archdeacon Owen, na jina la kijiji hicho sasa ni jina la aina nzima ya vyungu vya wakulima wa mwanzo waliotumia chuma kuzunguka Maziwa Makuu. Vingi vina kibonyeo kwenye kitako, kama alama ya kidole gumba, na midomo iliyokatwa pembe kwa uangalifu. Waliovifinyanga si Wajaluo, waliofika karne nyingi baadaye. Hata hivyo anayetaka kulizoesha jicho lake atafanya vyema kuvitazama vigae vya kale kabla ya kwenda sokoni, kwa kuwa kigae huonyesha unene na tumbo la udongo, vitu ambavyo chungu kizima huvificha.

Ukaguzi huanzia kwenye udongo. Ule mweusi wa tambarare za Kano, unaopasuka mipasuko mipana wakati wa kiangazi, haufai peke yake, kwani hunywea mno ukikauka na chungu hupasuka kabla hakijaona moto. Udongo mzuri huchanganywa na mchanga laini au vigae vilivyotwangwa, na chembe hizo huonekana kwenye kitako ambako hakujasuguliwa. Zikiwa ndogo na zimetawanyika sawasawa, kazi ya kukanda ilifanywa kwa subira. Kinachotisha ni punje nyeupe ya chokaa. Ikishachomwa hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba, na wiki kadhaa baadaye huurusha ukuta wa chungu kipande cha ukubwa wa shilingi, ikiacha kishimo chenye nukta nyeupe katikati. Chungu chenye kishimo kimoja cha aina hiyo kina vingine njiani.

Umbo hufuata. Vyungu hujengwa kwa pingili za udongo zinazozungushwa na kuunganishwa kwa vidole, bila gurudumu. Mkono ukiingizwa ndani, dole gumba likibaki nje, ukuta hupimwa kwa kuzungusha taratibu: unatakiwa upungue unene kidogo kidogo kutoka kitakoni hadi begani, bila mahali unaponenepa ghafla. Mistari ya mlalo inayohisika kwa ndani ni pingili ambazo hazikuungana vizuri, na ufa ukija siku moja utapita papo hapo. Mdomo hutazamwa kutoka juu. Ukiwa yai badala ya duara, si hoja kubwa kwa chungu cha kupikia, ila mfuniko hautakaa. Kitako cha mviringo si dosari hata kidogo, maana kiliumbwa kukalia kata au mafiga, na moto hukizunguka vizuri kuliko kitako bapa.

Nakshi nyingi hupatikana kwa kuviringisha kamba au nyasi zilizosokotwa juu ya udongo mbichi. Watu husifu wingi wake. Wajuzi hutafuta pale mwanzo na mwisho wa mzunguko unapokutana. Fundi mzuri huvikutanisha bila kupandana. Fundi mwenye haraka huacha kovu.

Moto ndio mtihani mgumu, kwa kuwa vyungu hivi huchomwa uwanjani kwa kuni, nyasi na samadi kavu, na moto wa wazi huwaka kwa muda mfupi, kwa kawaida kati ya nyuzi 600 na 900 za Selsiasi, usilingane pande zote. Mabaka meusi kama wingu ni alama ya mahali kuni zilipogusa, wala hayapunguzi thamani. Kwa macho ya wengi hukipendezesha chungu. La kuogopwa ni baka lililofifia, linaloacha vumbi likikwaruzwa kwa ukucha. Hapo udongo haukuiva, na udongo usioiva ukilowekwa hurudi kuwa tope. Sikio humaliza shaka: chungu hunyanyuliwa kwa mdomo, kikagongwa kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva na kisicho na ufa hulia kwa sauti kavu inayodumu kidogo. Chenye ufa hutoa mkwaruzo, hata ufa wenyewe ukiwa mwembamba kama unywele na hauonekani kwa macho. Kisichoiva hujibu *pu*, kama boga.

Kwa mtungi, maji ndiyo hakimu. Ukijazwa na kuachwa kivulini, ngozi yake hubadilika rangi polepole na kuwa na unyevu sawasawa. Unyevu huo ukigeuka mvuke ndio unaoyapoza maji ya ndani. Ukitiririka mahali pamoja, una tundu. Ukibaki mkavu kabisa, umesuguliwa mno au umepakwa rangi ya mafuta, na hautapoza chochote. Vyungu vya rangi vinavyowekwa maua mahotelini ni mapambo, na haifai kuvilaumu kwa kushindwa kazi ambayo havikuumbiwa.

Sufuria za alumini na madumu ya plastiki zimepunguza mahitaji ya vyungu, na wafinyanzi wengi wa Nyanza wamegeukia vifuko vya udongo vya ndani ya jiko, hasa vya jiko la kuni liitwalo Upesi. Kifuko hukaguliwa kwa kipimo zaidi kuliko kwa uzuri: unene sawa pande zote, na mlango wa kuni usio na ufa kwenye pembe zake.

Agulu hakijulikani mpaka kitumike. Kipya huchemshiwa uji mwepesi, wanga ukaziba vitundu vya ukuta, na baada ya hapo ndipo huingia osuga na dek, mboga zinazotiwa maziwa na kupashwa moto tena na tena kwa siku kadhaa. Chungu kilichozoea kazi hiyo huwa cheusi na chenye mng'ao kwa ndani, na mwenyewe hakubali kukiuza.