Zima Rangi Kwanza: Kuitambua TV ya Zamani Iliyofufuliwa Vizuri

Anayekuuzia TV ya rangi ya zamani atakuonyesha rangi. Mwache amalize, kisha mwombe aishushe hadi sifuri, picha ibaki nyeusi na nyeupe tupu. Hapo ndipo kazi ya fundi inapojulikana. Ndani ya tyubu mna mizinga mitatu ya elektroni, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa buluu, na weupe unaouona ni makubaliano ya hiyo mitatu. Ikisawazishwa vizuri, shati jeupe huwa jeupe na kivuli cha mlangoni huwa kijivu. Ukiona kivuli kina wekundu huku shati likivuta kwenye kijani, ujue usawazishaji haukufanywa, au mzinga mmoja umechoka, na rangi iliyokolezwa ilikuwa pazia tu.

Seti zenyewe zina umri. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka wa 1962, ikaingia kwenye rangi mwaka wa 1978, miaka kadhaa baada ya Zanzibar. Huku kwenye chai, kati ya Kericho na Bomet, nyumba nyingi zilisubiri zaidi ya hapo, na TV mara nyingi ilinunuliwa kwa bonasi ya majani chai. Kabla yake kulikuwa na Great Wall ya nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, na wajanja waliobandika plastiki ya rangi rangi mbele ya kioo wakasema wao pia wana "kala". Mitambo ya analogi ilipozimwa mwaka wa 2015, seti nyingi zilisukumwa stoo. Zinazotolewa leo ni Sony Trinitron, Sanyo, Philips, JVC na Great Wall za rangi, nyingine zikiwa bado kwenye lile kabati la mbao lenye milango na kufuli.

Tyubu ndiyo ya kukagua kwanza, kwa sababu ndiyo isiyopatikana mpya. Kapasita, transista, hata flaibeki (transfoma ya volti kubwa ya tyubu) utazitafuta Luthuli Avenue, Nairobi, na pengine uzipate. Tyubu ikifa, umebaki na sanduku. Kwa hiyo nenda kwa fundi asubuhi, na mpatane mapema kwamba hataiwasha kabla hujafika. Baridi ya Kericho, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari, itakusaidia: tyubu iliyochoka hujisaliti ikiwa baridi. Picha huchelewa, hutoka hafifu, rangi moja hukosekana kwa dakika kadhaa, kisha mambo yakanyooka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiikuta tayari inawaka na imepata moto, agana na fundi kwa heshima, urudi siku nyingine.

Kuna hila mbili za kuipa tyubu iliyochoka ujana wa muda. Ya kwanza ni nobu ya skrini iliyo kwenye flaibeki, chini ya ile ya fokasi. Ikizungushwa kupita kiasi, picha hung'aa, lakini weusi hugeuka kijivu na mistari myembamba myeupe huanza kukatiza picha kwa mshazari. Ya pili ni mbaya zaidi: waya unazungushwa kwenye kiini cha flaibeki ili hita ya tyubu, ambayo kwa kawaida huhitaji volti 6.3, ipate zaidi. Itawaka vizuri, ndiyo, lakini fundi amekula akiba ya mwisho ya tyubu na kukuachia deni. Ukiona kipande cha waya mpya kimezingira flaibeki ya miaka thelathini, uliza kinafanya nini pale.

Sasa mwombe akufungulie mgongo, seti ikiwa imechomolewa ukutani, nawe uweke mikono mfukoni. Si adabu tu. TV ya rangi ya inchi 20 hivi huendesha tyubu yake kwa volti 20,000 hadi 25,000, na tyubu huweza kubaki na chaji hiyo baada ya kuzimwa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa nyumba hushika zaidi ya volti 300. Katika seti nyingi chesisi yenyewe imeunganishwa na umeme wa ukutani, kwa hiyo ikiwa imechomekwa, hata chuma kinachoonekana hakina hatia kinaweza kuua. Fundi anayejiheshimu hutoa chaji ya tyubu kabla ya kugusa chochote: bisibisi yenye mpini mzima, waya wake ukiwa umefungwa kwenye ule utepe wa chuma uliosukwa unaozunguka mgongo wa tyubu, ncha ikiingizwa chini ya kofia ya mpira ya waya wa volti kubwa unaoingia kwenye tyubu. Kisha anangoja kidogo na kurudia, kwa kuwa chaji hujirudisha. Aliyefanya mara moja akaridhika bado hajaiva. Kazi hii si ya kujaribia nyumbani.

Mgongo ukiwa wazi, angalia ukoo wa uchafu. Nyumba za huku zina moshi wa kuni na unyevu wa mwaka mzima, na viwili hivyo vikikutana juu ya bodi hutengeneza utando unaopitisha umeme. Ndiyo sababu seti ya huku, ikiachwa bila kusafishwa, hulia "sssss" siku za mvua, na harufu kali ya umeme ikasikika karibu na kofia ya mpira. Kazi nzuri huanzia hapo: kofia imetolewa, kioo kilicho chini yake kimefutwa kwa spiriti kikakauka, mpira uliopasuka umebadilishwa. Mayai ya mende na mifupa ya mjusi viwe vimetoka. Lakini bodi iliyooshwa ikang'aa kama sahani huku viungo vyake ni vilevile, hiyo ni kazi ya macho.

Viungo ndivyo hasa. Chunguza miguu ya vipande vizito, flaibeki na transista ya umeme. Joto na mtikisiko huviletea duara jembamba la ufa kuzunguka kila mguu, na fundi makini huondoa risasi ya zamani yote kabla ya kulehemu upya. Kiungo kizuri hupanda mguu kwa mteremko laini. Kile kilichokaa kama donge kimewekwa juu tu. Kapasita mpya ziwe za nyuzi 105, si 85, hasa zilizo jirani na vipande vya moto. Fyuzi iwe fyuzi: nikikuta uzi wa shaba mahali pake, sihitaji kuangalia kingine. Pia sipendi kuona kila kapasita imebadilishwa. Inaonyesha fundi hakujua ugonjwa uko wapi. Ninayemwamini hukukabidhi vipande alivyotoa ndani ya mfuko wa karatasi, akakueleza kila kimoja kilikuwa na nini. Juu ya meza yake utaona pia balbu ya kawaida ya nyuzi iliyounganishwa mfululizo na seti inayojaribiwa: ikimulika kidogo kisha ikafifia, hali si mbaya; ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imeokoa sehemu nyingine zisiungue.

Mgongo ukifungwa na seti ikiwashwa tena, rudisha rangi, polepole. Ngozi za watu kwanza, kisha tafuta picha yenye shamba la chai. Mtu wa huku ana jicho ambalo wa Mombasa hana: anakijua kijani chenye umanjano cha jani changa la kuchuma, na kijani kizito cha jani kuukuu lililo chini yake. Seti inayoonyesha vyote viwili kwa rangi moja imekolezwa mno. Mabaka ya rangi kwenye pembe huweza kutokana na usumaku. Seti zilizorekebishwa kwa Ulaya hazikutarajia kuishi karibu na ikweta, lakini mengi huondoka koili ya kufuta usumaku ikifanya kazi, ile inayotoa mlio mzito wa "dung" unapowasha.

Kwenye Trinitron utaona uzi mmoja au nyuzi mbili hafifu zilizolala kukatiza kioo. Nimemsikia mama mmoja, kibandani Kapkatet, akilalamika, "Fundi, umenichorea kioo," naye fundi akajibu, "La, mama, hizo ilitoka nazo kiwandani." Alisema kweli. Ni nyuzi za kutuliza wavu wa chuma ulio ndani.

Usisahau mawimbi. Seti iliyoletwa kutoka Uingereza huweza kutoa picha safi bila sauti, kwa sababu sauti yake imewekwa megahezi 6 kutoka kwenye picha, na ya Kenya ilikuwa 5.5. Na ikiwa haina tundu za AV, king'amuzi kitahitaji msaada. Deki ya video ya zamani, ikiwa nzima, hukaa katikati na kugeuza picha kuwa stesheni ya antena.

Kisha safari, ambapo kazi ya wiki huharibika kwa tuta moja. Hewa hukandamiza uso wa tyubu ya inchi 21 kwa uzito wa takriban tani moja, na ndani hamna kitu. Mbele kioo ni kinene, kwenye shingo ni chembamba sana. Kwa hiyo beba seti kioo kikiwa kifuani pako, wawili kama ni inchi 29, ambayo huweza kupita kilo 40. Kwenye Probox iwekwe kiti cha nyuma kioo kikiegemea mgongo wa kiti, na mkanda upite juu ya sanduku, si juu ya kifuniko cha nyuma. Kwenye pikapu ilazwe kioo chini juu ya godoro zima, bila mzigo wowote juu yake, turubai tayari. Boda boda hapana, hata mtu akiikumbatia. Keria ya matatu hapana. Ondoka asubuhi, kwani mvua ya Kericho hupenda alasiri. Lami ya Litein, Kapkatet hadi Kaplong haina shida zaidi ya matuta. Tahadhari ianze mnapoiacha na kuingia murram.

Ikifika, iache ipumzike saa kadhaa, hata usiku mzima kama ilipigwa na ubaridi, ili umande ulioingia ndani ukauke. Kitambaa cha kufuma kisifunike matundu ya juu. Iwashe kupitia stabilaiza, shusha rangi, tazama. Baka jipya likitokea, zima, ngoja nusu saa ipoe, washa tena. Likigoma kuondoka baada ya kurudia mara mbili tatu, na liko palepale, kichujio cha chuma ndani ya tyubu kimehama kwa mshtuko wa njiani, na hakuna fundi atakayekirudisha. Ndiyo maana malipo ya mwisho hutolewa seti ikiwa sebuleni.