Shahada ya Ubia na Sentensi ya Kiswahili: Tahakiki ya Mafunzo ya Uandishi wa Habari

Mafunzo rasmi ya uandishi wa habari katika Afrika ya Mashariki yalianza kwa ubia na watu wa nje, na hadi leo hayajaachana nao. Mwaka 1963 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti, kwa fedha za Ford Foundation, ilifungua kozi mjini Nairobi chini ya Tom Hopkinson, Mwingereza aliyekuwa amehariri Picture Post kwao na Drum huko Afrika Kusini. Kozi hiyo ikaendelea hadi 1968. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha Shule ya Uandishi wa Habari kwa msaada wa UNESCO na wa serikali za Ulaya, zikiwamo za Norway na Denmark. Katika karne hii ubia umegeuza sura. Zamani mwalimu ndiye aliyeletwa kwa mwanafunzi. Siku hizi mwanafunzi ndiye anayesafiri, akazunguka vyuo viwili au zaidi, na vyuo hivyo vikashirikiana kumtunukia shahada.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni shahada ya uzamili ya uandishi wa habari iliyoanzishwa mwaka 2005 chini ya mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya. Ni shahada ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza husomwa Aarhus, nchini Denmark, ambako chuo kikuu cha mji huo hushirikiana na chuo cha Kidenmark cha uandishi wa habari. Mwaka wa pili, kwa mujibu wa mpango wa awali, mwanafunzi aliweza kwenda Amsterdam kusoma habari za siasa, London habari za biashara na fedha, Swansea habari za vita, au Hamburg. Vyuo vilivyotoa shahada hiyo ilipoanzishwa vilikuwa vya Ulaya vyote. Wanafunzi hutoka kila bara, na lugha ya masomo na ya mitihani ni Kiingereza.

Sifa za mpango wa namna hii haziwezi kupuuzwa. Mwandishi kijana kutoka Mombasa au Mwanza hukaa darasa moja na mwenzake wa Brazil, wa India na wa Poland, akatambua kwamba yale aliyodhani ni desturi ya kazi ni desturi ya ofisi yake tu. Hujifunza kusoma hesabu za serikali, kupima takwimu, na kulinda chanzo cha habari. Hayo ni mambo makubwa, na asiyeyakiri hana haki ya kuendelea na hoja. Swali linalobaki ni moja: mwandishi huyo akirudi kwenye gazeti au redio ya Kiswahili, anarudi na sentensi gani?

Swali hili huonekana dogo kwa sababu ya dhana iliyojificha ndani ya mitaala hii, kwamba ufundi wa habari hauna lugha. Mwanafunzi akishajua namna ya kupanga habari, inadhaniwa, ataipanga kwa lugha yoyote, kama fundi seremala anayetumia randa ile ile kwa mninga na kwa mvule. Lakini hata seremala hujua kwamba mbao hazina nyuzi za namna moja.

Yafaa kuutazama mtindo unaofundishwa kabla ya mingine yote, ule wa piramidi iliyopinduliwa. Jambo kuu huwekwa mwanzo, nalo hujibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini; maelezo hufuata kwa kadiri ya uzito wake, hata mhariri aliyepungukiwa na nafasi aweze kukata mkia bila kuua habari. Kwa Kiingereza mtindo huu una manufaa yasiyo na shaka. Ukihamishiwa katika Kiswahili kama ulivyo, huzaa sentensi ya namna hii, iliyotungwa hapa kwa ajili ya mfano:

“Watu watatu, akiwamo dereva wa lori lililokuwa limebeba mahindi ambalo lilipinduka baada ya breki zake kukatika karibu na daraja ambalo wakazi wamekuwa wakililalamikia kwa muda mrefu, walifariki dunia jana, polisi wamethibitisha.”

Hakuna kosa la sarufi hapa ambalo mwalimu angelitia wino mwekundu. Hata hivyo ni sentensi isiyopumua. Virejeshi vitatu vimepangwa kimoja ndani ya kingine, viwili kati yake vikiwa vya amba-. Kiima kimetengwa na kitenzi chake kwa maneno ishirini na zaidi, na msomaji aliyefika kwenye “walifariki” hana budi kurudi nyuma kuuliza ni akina nani. Msikilizaji wa redio hana pa kurudi. Nao polisi, waliopaswa kuwekwa mbele ili msomaji ajue anayesema ni nani, wametundikwa mwishoni kama kiraka, kwa sababu ndivyo ifanywavyo katika magazeti ya London.

Habari hiyo hiyo yaweza kusemwa hivi:

“Polisi wamethibitisha kwamba watu watatu walikufa jana jioni katika ajali ya lori. Lori hilo la mahindi lilikuwa likiteremka mlima, breki zikakatika, likagonga ukingo wa daraja, likapinduka. Dereva ni mmoja wa waliokufa. Wenyeji wamelilalamikia daraja hilo siku nyingi.”

Jambo kuu bado liko mwanzo, na mhariri bado aweza kukata mkia. Kilichobadilika ni sentensi ya pili, ambamo kiambishi cha -ka- kimepewa kazi yake. Kiambishi hiki ndicho mhimili wa usimulizi wa Kiswahili. Hufunga tukio na tukio kwa kufuata mwendo wa wakati, bila haja ya “baada ya” na “kisha”. Ndiyo sababu piramidi iliyopinduliwa humtesa mwandishi wa Kiswahili. Mtindo huo huanzia mwisho wa kisa na kurudi nyuma, na -ka- hairudi nyuma. Mwandishi aliyefundishwa kupanga matukio kinyume cha mwendo wake huiacha -ka- kabisa, akabaki na -li- baada ya -li-, au akajaza mianya kwa “baada ya” na amba-. Anayelalamika kwamba Kiswahili cha magazeti kina ukavu aghalabu huulaumu msamiati. Ingekuwa haki zaidi kutazama ni mara ngapi -ka- huonekana katika ukurasa wa kwanza.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Gazeti la kwanza la Kiswahili, lililotolewa Unguja na misheni ya UMCA mwaka 1888, liliitwa Msimulizi. Jina hilo ni mtaala mzima. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilitegemea sana watu walioandika kutoka miji yao, wakieleza jambo kwa mpangilio ambao mtu angeutumia barazani. Uandishi huo ulikuwa na udhaifu wake: ulirefuka, ulihubiri, na mara nyingi haukuthibitisha lolote. Hakuna anayetaka urudishwe mzima mzima. Lakini ulikuwa na sentensi yake, na hakuna kozi ya ubia iliyowahi kuuliza ni kipi katika sentensi ile kingeweza kuokolewa.

Kuna mahali pamoja ambapo gazeti la Kiswahili limejitungia sarufi bila kufundishwa na yeyote, napo ni kichwa cha habari. “Waziri ajiuzulu”, “Wanafunzi wagoma”, “Watano wafa ajalini”: kiambishi cha -a-, ambacho katika mazungumzo ya kila siku kimeiachia -na- nafasi kubwa, kimepata makao mapya katika herufi kubwa za ukurasa wa mbele. Ni kifupi, hakitaji saa, na kinagonga. Uvumbuzi huu ni wa vyumba vya habari vyenyewe, na unatosha kukanusha dai kwamba lugha hii haina nyenzo.

Hadi hapa yaweza kusemwa kwamba yanayobishaniwa ni mambo ya ladha. Sivyo. Mtaala wa uandishi wa habari hufundisha sheria ya kashfa, na hufundisha kwamba mtu asiitwe mhalifu kabla mahakama haijasema. Mwanafunzi hulijua somo hili kwa maneno ya Kiingereza, yenye vipimo vilivyokwisha kuzoeleka mahakamani. Akija kwenye Kiswahili anakuta mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, na hakuna aliyemwambia mipaka yake. Kenya wamezoea mshukiwa pale Tanzania wanaposema mtuhumiwa; mshtakiwa ni yule ambaye mashtaka yamekwisha kufunguliwa juu yake, lakini magazeti huyachanganya yote matatu katika aya moja kana kwamba ni visawe vya kuondoa uchovu. Kitenzi “kudai” nacho kimebebeshwa kazi ya kuonyesha kwamba jambo halijathibitishwa, ilhali katika masikio ya wengi humtia msemaji shaka kama mtu anayesingizia. Kwa hiyo mwanamke “anayedai” kupigwa na askari amekwisha kushindwa nusu ya kesi yake kabla ya kusikilizwa.

Ubaya wenyewe huonekana katika habari za watu waliouawa na polisi. Si ajabu kukuta habari moja, siku moja, ikisema katika ukurasa wa Kiingereza kwamba waliouawa walishukiwa kuwa wezi wa kutumia silaha, na katika ukurasa wa Kiswahili kwamba “Majambazi watatu wauawa”. Mhariri atasema kwamba “washukiwa wa ujambazi” haienei katika safu moja. Huenda. Lakini mhariri huyo huyo asingekubali udhuru huo kwa Kiingereza, kwa kuwa huko tahadhari aliipata darasani pamoja na lugha yake, na mkono wake hukataa wenyewe kuandika. Kwa Kiswahili mkono haukufundishwa. Waliokufa hawawezi kushtaki gazeti, na jamaa zao, ambao yumkini husoma ukurasa wa Kiswahili kuliko ule mwingine, ndio hulikuta neno hilo.

Sasa yafaa kurudi Aarhus, kwani Wadenmark wenyewe wana la kufundisha ambalo hawaliuzi. Denmark ina watu wapatao milioni sita tu. Chuo kile kile kinachoshiriki katika shahada ya kimataifa huwafunza waandishi wa nchi hiyo kwa Kidenmark, na huwapeleka kufanya kazi katika vyumba vya habari kwa muda mrefu, wakilipwa, kabla ya kuhitimu. Huko sentensi za mwanafunzi husahihishwa na mhariri anayeandika lugha ile ile. Kiingereza ni kwa ajili ya wageni. Hakuna hila katika jambo hili: darasa lenye watu wa mataifa mengi linahitaji lugha ya pamoja. Ila anayetoka Afrika ya Mashariki asidhani kwamba ameonyeshwa namna Denmark inavyofunza waandishi wake.

Bonn ina mfano ulio karibu zaidi nasaba yake. Deutsche Welle imetangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1963. Shirika hilo hilo, kupitia akademia yake, lilianzisha mwaka 2009 shahada ya uzamili kwa ubia na Chuo Kikuu cha Bonn na chuo kingine cha eneo hilo. Lugha ya masomo ni Kiingereza, na hapo awali Kijerumani pia kilikuwamo. Kwa hiyo chini ya jina moja wamo watangazaji ambao kila siku huhangaika na tafsiri ya habari kwa Kiswahili, na wamo wanafunzi wanaosomea kazi hiyo hiyo katika mpango ambao Kiswahili si lugha yake ya kufundishia. Maabara ya Kiswahili cha habari iko pale, na zaidi ya miaka sitini ya uzoefu imo ndani yake.

Wako watakaojibu kwamba wahitimu wengi wa shahada hizi hawarudi kwenye magazeti ya Kiswahili, bali huelekea kwenye magazeti ya Kiingereza na mashirika ya kimataifa; Kiingereza basi ndicho wanachohitaji. Jibu hilo ni kweli, na ndilo linaloshtaki mpango. Ikiwa mlango wa kutokea ni mmoja, gazeti la Kiswahili litaendelea kupokea waliobaki.

Lakini lawama zote haziwezi kupelekwa ng'ambo. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na bado uandishi wa habari katika vyuo vikuu vya Nairobi hufundishwa kwa Kiingereza. Dar es Salaam, panaposifiwa kwa Kiswahili chake, chuo kikuu nacho hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufika Aarhus akiwa amekwisha kutenganishwa na sentensi yake hapa hapa. Idara za Kiswahili nazo zimeridhika na ushairi, riwaya na fonolojia, zikaliachia gazeti watu wengine, kisha zikachukua kalamu kuhesabu makosa yake. Ni wangapi kati ya walimu wa idara hizo wamewahi kukaa usiku mmoja katika dawati la mhariri, saa nne, ukurasa ukisubiriwa na mtambo, wakatafuta neno la kumtaja mtu aliyepigwa risasi ambalo ni la haki na linaenea katika safu?