Ile 90,5 % tunayoipenda sana



Kila mara ninaposoma TFC juu ya chembe ndogo za chuma mu IRM, ninakuta sentensi ileile: kwa chembe hizo, IRM inaona metastazi kwa 90,5 %. Kisha rejeo: New England Journal of Medicine, 2003. Kisha mwandishi anaruka moja kwa moja mpaka kwa hitimisho. Leo tuisome makala yenyewe, ya Harisinghani, Barentsz na wenzao wa Boston na Nijmegen. Ni makala nzuri, ndiyo maana inafaa kusomwa kwa ukali.

Wazo lao linanifurahisha mpaka leo. Unachukua punje ya oksidi ya chuma, unaivalisha koti la dekstrani (ni sukari ya minyororo mirefu, si uchawi), unapata kitu cha makumi machache ya nanomita. Bila koti, punje zinashikana na ini linazifagia haraka. Zikiwa na koti zinakaa mu damu muda mrefu, zinapenya polepole mpaka kwa tezi za limfu, zile madaktari wetu wanaita gangliyo. Kule makrofaji, wale walinzi wa mwili, wanazimeza. Chuma kinazima sinyali pale kilipo, kwa hiyo tezi yenye afya inakuwa nyeusi. Pale kansa imeshachukua nafasi ya makrofaji, panabaki peupe.

Muone vizuri: dawa haiendi ku kansa. Inaenda ku sehemu iliyo nzima, na kansa tunaijua juu giza halikufika. Wanaoandika kwamba chembe hizi "zinalenga uvimbe" hawakuisoma makala hii. Walisoma muhtasari wa mtu mwingine.

Sasa hesabu. Wagonjwa 80 wa kansa ya prostati. Tezi 334 zilizotolewa au kufanyiwa biopsi. 63 zilikuwa na kansa, na 45 kati ya hizo hazikuwa na dalili zile IRM ya kawaida inategemea, kama ukubwa. IRM ya kawaida ilifikia 35,4 %, ile ya chuma 90,5 %. Wagonjwa wote 33 wenye metastazi walitambuliwa. Hapo ninasema bravo.

Lakini 90,5 % ya tezi 63 ni tezi 57. Sita zilipita. Zingepita tatu zaidi, asilimia ingeshuka karibu pointi tano. Na kazi ilifanyika mu vituo viwili tu, ku watu ambao mbinu hii ni ya nyumbani kwao. Hiyo si kosa la makala. Ni kosa letu kuichukua namba kama bei iliyopangwa.

Tena kuna yaliyofuata, na hayo ku TFC zetu siyaoni kamwe. Machi 2005, ku Marekani, kamati ya washauri wa FDA haikukubali kuipendekeza bidhaa hiyo. Desemba 2007, ku Ulaya, kampuni Guerbet iliondoa ombi lake la Sinerem, juu utafiti mkuu haukushawishi vya kutosha. Kuishia 2003 ni sawa na kuhadithia mechi ukakomea ku mapumziko. (Kipindi cha pili kinaendelea: Nijmegen walirudi kuifanyia kazi dawa ileile.)

Ninachoilaumu makala yenyewe ni namna inavyopita haraka juu ya muda. Mgonjwa anapigwa picha, anapewa dawa polepole kwa mshipa, kisha anarudi kesho yake, saa 24 baadaye, kwa picha ya pili. Ku Uholanzi analala kwake na kurudi asubuhi. Mgonjwa wa Kamina aliyefuata IRM mpaka Lubumbashi iko na safari, garde-malade, chakula, mahali pa kulala, na mashine analipa mara mbili. Mwanafunzi anayependekeza mbinu hii kwa hospitali zetu bila kuhesabu huo usiku mmoja, kazi yake iko nusu.

Na kuna swali ningependa mmoja wenu alichukue kama memwari: radiologi ambaye hajawahi kuona tezi iliyotiwa weusi na chuma, atasoma picha ngapi kabla hatujamwamini na kisu cha mpasuaji? Jibu la hilo halimo mu 90,5.