Faini Tumeisikia, Ila Gari Walilipataje?

Isome hati ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani (FCC) ya Aprili 2014, ile iliyopendekeza faini ya dola 48,000 kwa dereva mmoja wa Florida. Inasomeka kama hadithi ya upelelezi. Kampuni ya simu ya MetroPCS inalalamika kwamba minara yake inavurugwa asubuhi na jioni. Maofisa wanaivizia barabara kuu ya Interstate 4, wanalitambua gari. Askari wanalisimamisha, na redio zao wenyewe zinakatika! Kifaa cha kuvuruga mawimbi kimefichwa kwenye kiti. Dereva anajitetea: alitaka watu waache kuongea na simu wakiendesha.

Kisheria, hati imetimia. Kisayansi, inakuacha njiani. Inataja mbinu za kutafuta uelekeo wa mawimbi, basi, inaendelea na mambo ya faini.

Pengo hilo si dogo. Mnara husikiliza mawimbi dhaifu ya simu yako. Kifaa kikipiga kelele kwenye masafa hayohayo, mnara unaona kelele imepanda, lakini kelele peke yake haisemi imetoka wapi: kifaa dhaifu kilicho karibu na chenye nguvu kilicho mbali vinaweza kusikika sawa. Antena ya uelekeo nayo inakupa mstari, si nukta. Unahitaji mistari miwili, kutoka sehemu mbili, ikatane. Sasa kama gari linakimbia, mstari uliopimwa saa 1:00 na mwingine wa saa 1:05 vitakatana mahali ambapo gari halipo.

Ndiyo maana kwangu ushahidi mzito kuliko wote ni yale maneno "asubuhi na jioni". Hayo yanakuambia mhusika anaenda kazini na kurudi, kwa hiyo humfukuzi: unamsubiri, unapima ukiwa karibu. Hati imeyapitia maneno hayo kama maelezo ya malalamiko tu.

Kwa kukiri kwake mwenyewe, dereva alikitumia kifaa miezi 16 hadi 24. Muda wote huo, aliyepata ajali karibu na gari lile huenda asingeweza kupiga 911. Faini inawatisha wenye vifaa. Maelezo ya namna ya kuvisaka yangewafundisha mafundi wa minara kuangalia saa mapema zaidi.