Jinsi ya Kuitambua Ramani Njema ya Nyika ya Kiswere

Ramani ya topografia, kama ile ya nyika ya Kiswere kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, haipimwi kwa uzuri wa rangi. Mjuzi huanza na maandishi madogo ya pembeni, akitafuta mwaka wa picha za anga. Mwaka wa uchapaji unaweza kumdanganya. Ramani ya 1:50,000 iliyotokana na picha za kabla ya vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 huonyesha nyumba zilizotawanyika porini, mahali ambapo leo huenda pamebaki miembe tu.

Pili, maji. Misafara ya karne ya 19 kutoka Kilwa Kivinje kwenda Ziwa Nyasa haikuweza kupita mbali na maji, na kiangazi cha kusini hukausha makorongo mengi. Ramani inayochora mto wa kudumu na korongo la masika kwa mstari wa aina moja haimfai mtembeaji. Kontua nazo zikikata mto, ncha ya V ielekee unakotoka mto. Ikielekea baharini, mchoraji amekosea.

Tatu, njia. Wajerumani Paul Sprigade na Max Moisel, waliochora ramani ya 1:300,000 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, walitegemea sana madaftari ya wasafiri: pembe za dira na saa za kutembea. Kandokando ya njia pakajaa majina. Pasipopitwa na mtu pakaachwa peupe. Peupe hapo ni sifa, kwa kuwa hapamdanganyi msomaji kwa vilima vya kubuni.

Majina ndiyo mtihani mgumu zaidi. Mto unaomwaga maji baharini kusini ya Kiswere huandikwa Mbwemkuru, Mbemkuru, hata Mbwemburu. Mpimaji makini huwauliza wenyeji, kisha hushika tahajia moja katika karatasi zote. Kilima cha Tendaguru kisikosekane: huko ndiko wapagazi walikobeba mifupa ya dinosaria hadi Lindi kati ya 1909 na 1913.

Ufukweni, ghuba ya Kiswere itenganishe mikoko, matope yanayofunikwa na maji kujaa, na nchi kavu. Mstari mmoja wa buluu hautoshi.

Anayetumia karatasi za zamani za 1:50,000 pamoja na simu aiweke simu kwenye mfumo wa majira wa ramani hizo, Arc 1960, kanda ya 37 Kusini, kabla ya kuingia porini. Akiiacha kwenye WGS 84, mfumo wa kawaida wa simu, nukta yake itaangukia mamia ya mita mbali na kisima anachokitafuta.